Nani Alipe? Joseph Papp na Kazi ya Mtayarishaji wa Tamthilia



Nimeombwa nizungumzie kazi ya mtayarishaji wa tamthilia, na nimefurahi, kwa kuwa ni kazi isiyopigiwa makofi. Mchezo ukimalizika, waigizaji hushikana mikono wakainama mbele ya watazamaji. Mwandishi jina lake limo kwenye jalada. Mwongozaji anasubiriwa na waandishi wa habari. Mtayarishaji saa hiyo yuko chumba cha nyuma anahesabu fedha za mlangoni, au yuko nje anabishana na mwenye lori lililoleta mandhari. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mzigo unaoonekana mwepesi kwa watazamaji kama huu.

Kwani mtayarishaji hufanya nini? Huchagua mchezo na kununua haki ya kuuonyesha. Hutafuta fedha. Humwajiri mwongozaji, hukodi ukumbi, huomba vibali, huandikiana mikataba na waigizaji, mafundi wa taa na washonaji wa maleba. Hupanga bei ya tiketi na kutangaza. Mambo yakiharibika, yeye ndiye anayegongewa mlango na wadai. Shughuli zote hizo zina swali moja ndani yake: nani atalipa?

Swali hilo watu hudhani ni la mhasibu. Mimi nasema ni la msanii. Anayelipa ndiye anayeamua nani ataketi kwenye viti, na wanaoketi kwenye viti ndio wanaoamua hatimaye michezo gani iandikwe. Kwa hiyo mtayarishaji anapaswa kumchagua mlipaji kwa uangalifu uleule anaomchagulia mwigizaji mkuu. Ili hoja hii isielee hewani, nitaifuata katika maisha ya mtu mmoja aliyelishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 35 katika jiji la New York: Joseph Papp.

Mtoto wa fundi masanduku

Papp alizaliwa tarehe 22 Juni 1921 katika mtaa wa Williamsburg, Brooklyn, akaitwa Joseph Papirofsky. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki, na nyumbani walizungumza Kiyidi. Baba yake alikuwa fundi wa masanduku ya safari, kazi inayopatikana leo na kesho haipo. Mtoto wa nyumba kama hiyo hakuwa na njia ya kununua tiketi ya Broadway. Shakespeare alimpata katika maktaba ya umma, mahali ambapo mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri huazima kitabu kilekile bila kutoa senti. Anayetaka kuelewa ukaidi wake wa baadaye na aanzie hapo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumu katika jeshi la majini, na huko aliandaa maonyesho ya kuwaburudisha mabaharia. Vita vilipokwisha alisomea uigizaji Los Angeles, katika Actors' Laboratory, kwa fedha ambazo serikali iliwatengea askari waliorudi. Kisha akaajiriwa na kituo cha televisheni cha CBS kama meneja wa jukwaa. Hiyo ni shule ya mtayarishaji. Meneja wa jukwaa ndiye anayejua taa ipi iwake sekunde gani, nani amechelewa, kiti gani kimevunjika mguu, na ni nani wa kumwona ili kitengenezwe kabla pazia halijafunguka.

Mwaka 1954, huku bado akiajiriwa, alianzisha warsha ya Shakespeare katika kanisa la Emmanuel Presbyterian, Lower East Side, eneo la wafanyakazi na wahamiaji. Mwaka 1956 akaitoa nje, kwenye jukwaa la wazi kando ya mto East River. Mchezo mmojawapo ulikuwa Julius Caesar. Watu wa majumba ya jirani walikuja kwa miguu, watoto mkononi, wengi wao wakiwa hawajawahi kuona mchezo wa kuigiza wa watu hai. Hakuna aliyeulizwa tiketi.

Nataka wanafunzi wangu wakumbuke kwamba miaka saba baadaye, mwaka 1963, Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo huohuo kwa Kiswahili, na mwaka 1969 akafuatisha Mabepari wa Venisi. Hawakujuana, na nia zao hazikuwa sawa kwa kila kitu. Lakini wote wawili walikataa fikra kwamba Shakespeare ni mali ya watu wa tabaka fulani. Mmoja aliondoa ukuta wa lugha, mwingine akaondoa ukuta wa bei.

Sasa turudi kwenye swali letu. Maonyesho ya 1956 yalikuwa bure kwa mtazamaji. Nani alilipa? Walilipa waigizaji, kwa kucheza bila mshahara. Hili tuliseme bila haya, maana hata kwetu ndivyo ilivyo. Kikundi kichanga kinaposema "tulifanya bila bajeti," maana yake bajeti ilikuwepo, ila ilitoka kwenye nauli, chakula na usiku wa wasanii wenyewe. Papp alijua kuwa mlipaji huyu hawezi kubebeshwa mzigo kwa muda mrefu. Akamfuata Brooks Atkinson, mhakiki mkuu wa tamthilia wa gazeti la New York Times, akambembeleza aje kando ya mto. Atkinson alikuja, mvua ikanyesha, mchezo ukakatishwa katikati. Hata hivyo aliandika kwa wema juu ya alichokiona, na baada ya hapo michango ikaanza kuja. Makala moja ya gazeti iliwapunguzia waigizaji mzigo, na aliyeitafuta makala hiyo hakuwa mmoja wa waigizaji.

Mwaka 1957 alipata lori lenye jukwaa la kukunjua, akazunguka nalo katika bustani za wilaya za jiji, kisha akatua katika Central Park.

Kesi ya majani

Kati ya 1958 na 1959 mambo mawili yalimwangukia. Kwanza, mwaka 1958, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Wawakilishi iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Alikataa kutaja majina ya wenzake. CBS ikamfukuza kazi. Alipigania haki yake kwa njia ya usuluhishi, akarudishwa. Na ushindi huo ulikuwa wa maana kwa wafanyakazi wote wa sanaa waliokuwa wakifutwa kimyakimya katika miaka ile.

La pili lilitoka kwa Robert Moses, kamishna wa bustani za jiji, mtu aliyejenga madaraja, barabara kuu na mabwawa ya kuogelea, na aliyezoea kusema likawa. Mwanzoni alimuunga mkono Papp. Mwaka 1959 akabadilika: akataka watazamaji watozwe dola moja au mbili, ili zilipie majani ya bustani yaliyokuwa yakikanyagwa na udongo uliokuwa ukimomonyoka. Dola moja si kitu, mtasema. Mtayarishaji mwingine angeikubali, akashukuru na kuongeza mapato. Papp aliona kuwa siku atakapoweka mtu mlangoni wa kupokea dola, watu wa East River wataanza kupiga hesabu: mimi, mke wangu na watoto wanne ni dola ngapi? Watabaki nyumbani. Viti vitajaa, ndiyo, lakini vitajazwa na watu wengine.

Akampeleka Moses mahakamani. Katika mahakama ya kwanza alishindwa. Alikata rufani, na Juni 1959 majaji wakasema sharti la kamishna lilikuwa la kibabe na lisilo na msingi. Hata hivyo majani yalibaki majani na gharama ikabaki gharama. Wafadhili wakajitokeza kulipa, na msimu ukaendelea. Ajabu iliyofuata ni kwamba Moses huyohuyo, baada ya kushindwa, aliomba fedha za jiji za kujenga jukwaa la kudumu. Mchapishaji George Delacorte akachangia dola 150,000, na tarehe 18 Juni 1962 ukumbi wa Delacorte ukafunguliwa ndani ya Central Park kwa The Merchant of Venice. George C. Scott alicheza Shylock. Kijana Mweusi aitwaye James Earl Jones alicheza mwanamfalme wa Moroko. Ukumbi huo una viti kama 1,800, na hadi leo watu hupanga foleni asubuhi kupata tiketi za bure za jioni.

Tuone alichokifanya nyuma ya pazia. Katika kesi hiyo hakuandika mstari wowote wa mchezo wala hakumfundisha mwigizaji yeyote kutamka shairi. Alisoma kanuni, akakodi wakili, akakubali kuchukiwa na mtu mwenye nguvu kuliko yeye. Kwa kufanya hivyo aliamua sura ya watazamaji wa bustani ile kwa zaidi ya nusu karne. Hiyo ni kazi ya kisanaa, hata kama ilifanyika kwenye korido za mahakama.

Fedha za Broadway zilivyotumika kwingine

Mwaka 1966 alinunua jengo la zamani la maktaba ya Astor katika barabara ya Lafayette. Kabla ya hapo jengo lilikuwa la shirika lililowapokea wahamiaji wa Kiyahudi, watu kama wazazi wake. Lilikuwa karibu kubomolewa, likaokolewa na sheria mpya ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria. Hapo akaanzisha Public Theater, nyumba ya michezo mipya, na Oktoba 1967 akaifungua kwa Hair, mchezo wa muziki wa vijana waliokuwa wakikataa vita vya Vietnam.

Hair ulipendwa. Muda wake ulipomalizika pale, wengine wakauchukua, wakaupeleka Broadway mwaka 1968, ukawa utajiri. Nyumba iliyouzaa ilipata sehemu ndogo tu. Wanafunzi wa sheria waliomo humu wataelewa kuliko mimi: kipengele kimoja cha mkataba kinaweza kuwa na thamani kuliko mwaka mzima wa kuchangisha.

Papp hakurudia kosa hilo. Mwaka 1974 mwongozaji na mcheza dansi Michael Bennett alikuwa na kanda za kurekodi, ambamo wacheza dansi wa safu ya nyuma walisimulia maisha yao: utoto, maumivu ya magoti, majaribio waliyoshindwa, hofu ya kuzeeka. Papp alimpa chumba, muda, na dola 100 kwa wiki kwa kila mcheza dansi. Hakumdai mchezo uliokamilika. Walifanya mazoezi kwa miezi, wakiandika na kufuta. Siku hizi utaratibu huo umeenea duniani, lakini wakati ule ni wachache waliokuwa tayari kumlipa mtu ili atafute asichokijua bado. Matokeo yakawa A Chorus Line. Ulianza Public Theater mwaka 1975, ukahamia Shubert Theatre, Broadway, Julai mwaka huohuo, na safari hii mtayarishaji alikuwa Papp mwenyewe. Ulipata tuzo tisa za Tony na tuzo ya Pulitzer mwaka 1976. Ulipofungwa tarehe 28 Aprili 1990 ulikuwa umeonyeshwa mara 6,137, rekodi ya Broadway kwa wakati huo.

Kwa miaka 15 mtalii aliyelipa bei kubwa Shubert alikuwa, bila kujua, anamlipia mtu aliyeketi bure Central Park, na anamlipia mwandishi asiyejulikana aliyepewa jukwaa barabara ya Lafayette. Huyo ndiye mlipaji ambaye Papp alikuwa akimtafuta tangu 1956: mwenye fedha nyingi, na asiye na sauti katika uchaguzi wa michezo.

Lakini hata hesabu hii ina deni. Wacheza dansi waliosimulia maisha yao katika zile kanda walitia saini kuyauza kwa dola moja. Baadaye walipewa sehemu ya mapato, na mabishano kuhusu ukubwa wa sehemu hiyo hayakuisha upesi. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wanaokwenda vijijini kukusanya visa vya bibi zetu: kinasa sauti kinapowashwa, mkataba tayari umeanza. Ulizeni swali letu wakati huo, msisubiri mchezo upendwe.

Fedha hizo zilileta nini kingine? Hata kabla yake, mwaka 1969, Public Theater ilikuwa imeonyesha No Place to Be Somebody wa Charles Gordone, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer ya tamthilia. Mwaka 1976 ikampokea Ntozake Shange, mwanamke Mweusi aliyeandika kwa ushairi na dansi, na mchezo wake ukafika Broadway. Mwaka 1985 ikaonyesha The Normal Heart wa Larry Kramer, wakati serikali na magazeti mengi yalipokuwa yakiukwepa ugonjwa wa ukimwi. Nyuma ya chaguzi nyingi alikuwepo Gail Merrifield, mkewe Papp kuanzia 1976, aliyeongoza idara ya kusoma na kukuza michezo mipya. Kama mtayarishaji haonekani, msomaji wa miswada ndiye haonekani zaidi.

Pale palipomshinda

Tusimfanye malaika. Mwaka 1973 alikabidhiwa kumbi za tamthilia za Lincoln Center, jumba la fahari la jiji. Alidhani atawahamishia watazamaji wa hapo michezo yake mikali. Wenye tiketi za msimu, watu waliozoea kuburudishwa baada ya chakula cha jioni, waliondoka makundi kwa makundi. Alijaribu kuwarudisha kwa michezo ya zamani na waigizaji mashuhuri. Gharama hazikupungua, na mwaka 1977 akajiuzulu. Pale walipaji walikuwepo kabla yake, na walikuja na matakwa yao. Ukipewa ukumbi, umepewa na wenye viti.

Alikuwa pia mkali kupita kiasi. Mwaka 1978 alimfukuza Bernard Gersten, rafiki wa miaka mingi na msaidizi aliyebeba nusu ya mzigo. Anayezoea kusimama peke yake mbele ya kamati na mahakama huweza kudhani kila anayempinga ni kamati au mahakama.

Ila ukali huohuo ulimsimamisha mwaka 1990, wakati mfuko wa sanaa wa serikali ulipowataka wapokeaji watie saini ahadi ya kutotumia fedha kwa kazi zitakazoonekana chafu. Papp alikataa fedha hizo, ingawa A Chorus Line ulikuwa umefungwa mwaka huo na mapato yamekauka, naye alikuwa mgonjwa. Mwaka uliofuata alimzika mwanawe Tony, aliyekufa kwa ukimwi, na tarehe 31 Oktoba 1991 yeye mwenyewe akafariki kwa saratani.

Na sisi?

Huku kwetu swali ni lilelile, majibu ndiyo tofauti. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano na Tanzania One Theatre vilijaza kumbi za baa kwa ngoma, sarakasi, maigizo na taarab katika usiku mmoja. Mlipaji alikuwa mnywaji wa bia. Alipoonyesha kuwa anataka taarab kuliko maigizo, taarab ikatanuka na maigizo yakasinyaa. Baadaye akaja mlipaji wa pili, mradi wa maendeleo, na tukapata michezo mingi juu ya malaria na vyandarua, yenye mwisho unaojulikana tangu mwanzo. Siwalaumu wasanii, walikula, na baadhi ya kazi zilikuwa nzuri. Nasema tu kwamba aliyelipa alionekana ndani ya mchezo.

Kuna pia mlinzi wa mlango ambaye hadai fedha: serikali. Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1977 wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi na kuonyesha Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kijiji kizima kilikuwa mtayarishaji. Baada ya wiki chache kibali kikafutwa. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Papp alipozuiwa na kamishna alipata majaji wa kumsikiliza. Watu wa Kamiriithu hawakupata. Tunapomsifu kwa ujasiri, tukumbuke pia nchi yake ilimpa mahali pa kwenda kulalamika, na kwamba kupigania mahali kama hapo ni sehemu ya kazi yetu.

Nimalizie historia kwa habari inayotuhusu. Mwaka 2025 ukumbi wa Delacorte ulifunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa. Mchezo wa ufunguzi ulikuwa Twelfth Night, ukiongozwa na Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Lupita Nyong'o na mdogo wake Junior walicheza ndugu pacha waliopotezana baharini, na katika baadhi ya mazungumzo yao kilisikika Kiswahili. Kiswahili hicho kilifika pale kwa vipaji vya wasanii hao. Kiti cha aliyekisikiliza bila kulipa kilitokana na kesi ya mwaka 1959.

Kwa vijana wanaotaka kazi hii, nina mambo matatu ya kiutendaji. Kwanza, kabla ya kuanza mazoezi, andikeni orodha ya kila mlipaji, na mbele ya kila jina andikeni anataka nini; wasanii wasiolipwa nao waingie kwenye orodha hiyo. Pili, someni mkataba hadi mwisho, hasa sehemu inayosema mchezo ukihamia ukumbi mwingine fedha ziende kwa nani. Tatu, someni kanuni za baraza la sanaa, za halmashauri na za ukumbi kama mnavyosoma mchezo wenyewe, maana siku mtakapozuiwa hamtakuwa na muda wa kuanza kuzisoma.

Na mkiamua watu waingie bure, amueni pia, kwa maandishi na kwa tarakimu, nani atalipa badala yao. Bila tarakimu hizo, mlipaji atakuwa yuleyule wa siku zote: mwigizaji anayerudi nyumbani kwa miguu.